Somo, sauti ilinikatikia mkutanoni. Niende tena kusoma na wanawake watupu?

Barua

Somo, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako kutoka Newala, nina miaka 20. Nimesoma shule za wasichana za bweni kuanzia kidato cha kwanza hadi cha sita, na mwaka wa mwisho nilikuwa dada mkuu. Nilimaliza Mei mwaka jana, nikapelekwa JKT Nachingwea. Kule niliwahi kusimamia zamu ya jikoni, vijana 30 mchanganyiko, haikunishinda. Baada ya hapo nikarudi nyumbani kumsaidia mama shamba.

Ninachokitaka nakijua tangu kidato cha tatu. Nataka kuingia utumishi wa umma, nianzie popote watakaponipangia, na siku moja niwe mkurugenzi wa halmashauri. Sisemi ubunge. Nasema ile kazi ya kukaa na bajeti mpaka bomba litoe maji, maana sisi wa huku juu kwenye nyanda za Makonde tumekua tukiona ndoo zinapanda mlima.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alinisaidia kuomba vyuo vya Marekani. Kimoja, kipo Massachusetts, kimenijibu: nafasi nimepata, na ada, chumba na chakula watabeba wao kwa sehemu kubwa sana. Ni chuo cha wanawake. Wanataka jibu langu kabla ya tarehe 1 Mei. Kwa upande wa pili, matokeo yangu yanatosha kuomba Mzumbe au UDOM dirisha likifunguliwa, na mkopo wa Bodi naamini nitapata.

Sasa nikueleze kilichonifanya nikuandikie. Mwezi wa pili kulikuwa na mkutano mkuu wa kijiji. Ajenda ilikuwa orodha ya wakulima watakaopata salfa ya kupulizia mikorosho msimu huu. Wiki moja kabla nilipita kitongoji chetu nyumba kwa nyumba na daftari. Nikakuta wanawake 11, wajane na walioachika, wanaopalilia mikorosho yao wenyewe, lakini kwenye kitabu cha kijiji miti hiyo inasomeka kwa jina la marehemu au la shemeji. Nikaandika majina, idadi ya miti, na tangu mwaka gani.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Wanaume walikaa kwenye mabenchi ya shule, sisi kwenye mikeka kwa nyuma. Yalipofika maswali nikanyoosha mkono, mwenyekiti akanipa nafasi. Nikasimama, nikafungua daftari, nikasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, hoja yangu ina sehemu tatu." Mzee mmoja kule mabenchini akasema, wala si kwa ukali, "Mwali, sehemu tatu zote leo?" Watu wakacheka. Nikasoma jina la kwanza, nikasoma la pili. La tatu sikulifikia. Sauti iliondoka, Somo. Nilibaki nimesimama na daftari wazi, nikasema ahsante, nikakaa. Mjomba wangu ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, alikuwa amekaa mstari wa mbele. Hakugeuka.

Baba yupo, ila wewe unatujua watu wa huku, kwa mtoto wa dada neno la mjomba ni zito. Nilipompelekea habari ya chuo aliniuliza, "Miaka sita umekaa na wanawake wenzio wakakufanya mkubwa wao. Siku ya kwanza mbele ya wanaume umekaa chini. Sasa unataka mingine minne?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Rafiki zangu wanasema vyuo hivyo ndivyo vilivyotoa mawaziri wa Marekani. Mama nikimuuliza anasema "mjomba wako kashasema", halafu anaendelea kubangua korosho.

Nisaidie. Chuo cha wanawake watupu kinaweza kumwandaa mtu aongoze umma ambao nusu yake ni wanaume?

Mwenye daftari, Newala

Somo anajibu

Marahaba, mwanangu. Salamu kutoka Lindi, joto letu lile lile.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma na kalamu mkononi. Nilipopiga mstari ni pale JKT, ambako wewe mwenyewe umepita mbio. Vijana 30, wa kiume na wa kike, masufuria ya ugali ambayo mwiko wake ni kama kasia, na kazi imefanyika. Wavulana hao hawakukunyamazisha. Kwa hiyo nianze kwa kumpunguzia mjomba nusu ya hoja yake: unaweza kusimama mbele ya mwanamume ukasema na ukasikika. Jikoni kule afande alikuwa amekwisha sema huyu ndiye msimamizi. Shuleni mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kutangaza paredi. Kijijini hakuna aliyekutangaza. Ulikwenda umejitangaza mwenyewe, kwa lugha ya mdahalo, "hoja yangu ina sehemu tatu", mbele ya watu ambao hoja zao hupikwa uani na kwenye vibaraza siku nne kabla, zikifika mkutanoni zinapakuliwa tu.

Na yule mzee aliyekuita mwali? Nadhani alikutania. Ila kwa bahati ametupa neno tunalolihitaji, nami nitalitumia.

Mjomba anauliza itakuwaje mtu afundishwe na wanawake watupu halafu aishi na watu wote. Swali hilo likiulizwa Arusha nitalielewa. Likiulizwa Newala nacheka kidogo, naye anisamehe. Huku kwetu ndiko mtoto wa kike huwekwa ndani akafundwa na wanawake watupu, makungwi na akina somo, ngoma usiku kucha, na sijawahi kusikia mjomba akiuliza atamjuaje mume ilhali kungwi ni mwanamke. Tunaelewa wenyewe kwamba yapo mambo mtu hujifunza vizuri zaidi akiwa mahali ambapo hachungulii uso wa mwingine kabla ya kusema. Mengine yanayofundishwa unyagoni nina ugomvi nayo wa muda mrefu, ila utaratibu wake una akili. Na utaratibu huo una sehemu ya mwisho ambayo hairukwi: mwali hutolewa. Huvikwa, hutolewa nje mchana kweupe, ukoo wote na majirani wakiona, na kuanzia hapo anaamkiwa kama mtu mwingine.

Wewe umefundwa miaka sita, mwanangu. Hukutolewa. Ulifunga sanduku la bati, ukapanda basi, ukarudi. Kijiji hakijui kwamba yule mtoto aliyeondoka na ndoo na godoro aliwahi kuongoza shule nzima.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama chuo cha wanawake kinaandaa watu kwa utumishi wa umma, uliza mambo mawili: ndani wanafundishwa nini, na wanatolewaje nje.

La ndani wewe umelionja. Mimi pia nilisoma shule ya wasichana, zamani, na jambo ninalolikumbuka kuliko somo lolote ni usiku mmoja jenereta ilipozimika wakati wa prepo. Shule ya mchanganyiko wangetafutwa wavulana. Kwetu hawakuwapo. Dada mmoja wa kidato cha nne akachukua tochi na spana, mwingine akashika kopo la dizeli, na sisi wadogo tukasimama kuwaangalia wakibishana juu ya chujio. Iliwaka baada ya saa nzima. Sikumbuki hata kama nilishangaa, na hilo ndilo ninalotaka ulione: hatukushangaa. Mahali ambapo wote ni wanawake, mweka hazina ni mwanamke, anayesoma fizikia ni mwanamke, anayekosea mahesabu mbele ya watu akarudia kesho yake ni mwanamke. Kwenye shule nyingi za mchanganyiko nilizopitia kikazi nilikuta mwenyekiti mvulana, makamu msichana, na mwandishi wa muhtasari msichana kwa sababu ana hati nzuri. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, na huenda ndiyo maana haibadiliki.

Wamarekani nao hili walilifanyia kazi mapema. Chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, kule Pennsylvania, tangu 1892 wanafunzi wana chama chao cha kujitawala: kanuni za maisha ya chuoni wanatunga na kusimamia wenyewe, na mpaka leo hukutana kikao cha wote kujadili maazimio na kuyapigia kura. Akidi isipotimia hakuna kikao. Wewe uliyekaa mkekani kwenye mkutano mkuu wa kijiji utaona mara moja kwamba hayo si mageni kwako, ila kule msichana wa miaka 19 ndiye anayehangaika kuitafuta hiyo akidi.

Sasa la kutoka nje. Hapa nataka nikukalishe na mtu mmoja, maana umefanana naye kwa jambo ambalo hukulijua.

Frances Perkins alisoma Mount Holyoke, chuo cha wanawake kilichoanza 1837, huko huko Massachusetts unakoitwa. Alimaliza 1902 akiwa mwenyekiti wa darasa lake, na masomo yake yalikuwa ya sayansi. Lakini lililomgeuza lilikuwa somo la historia ya uchumi. Mwalimu, mwanamke, aliwatoa wanafunzi darasani akawapeleka kwenye viwanda vya jirani. Waende waone wanawake na watoto wanafanya kazi katika hali gani, waulize, waandike. Wasichana wa chuo, na daftari.

Tarehe 25 Machi 1911 Perkins alikuwa New York. Kiwanda cha nguo kinachoitwa Triangle kiliwaka moto, mlango wa kutokea umefungwa kwa kufuli, na watu 146 wakafa, wengi wao wasichana wa umri wako. Yeye alikuwa chini barabarani akawaona wakiruka kutoka madirishani. Baadaye alifanya kazi na tume iliyochunguza viwanda vya jimbo lile, na mtindo wake ulikuwa uleule wa Mount Holyoke: aliwachukua wanasiasa akawapeleka wakaone kwa macho yao. Mwaka 1933 Rais Roosevelt alimteua Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri la Marekani, akakaa hapo mpaka 1945. Miaka 12, na mezani mwanamke ni yeye peke yake. Sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935, inayowapa wazee wa Marekani pensheni mpaka leo, imepita mikononi mwake. Ile ya 1938 ya kima cha chini cha mshahara na kudhibiti ajira za watoto, vilevile.

Jambo dogo moja zaidi juu yake, nalipenda. Aligundua mapema kwamba wanasiasa wa kiume wakimwona mwanamke humfikiria mama zao. Hakugombana nalo. Akaanza kuvaa nguo nyeusi za heshima kama mama wa mtu, na kofia ya pembe tatu, na wakamsikiliza. Unaweza kulipenda au kulichukia, mimi bado sijaamua. Ila nimelitumia. Mwaka wangu wa kwanza kama afisa maendeleo ya jamii niliingia baraza la madiwani na mafaili kifuani, diwani mmoja akaniambia, "Binti, mimi chai ya rangi." Nikamletea. Kisha nikakaa kwenye kiti cha mtoa taarifa, nikafungua faili. Aliinywa ile chai bila kunitazama.

Rafiki zako kuhusu mawaziri hawakukosea. Wellesley, nacho cha Massachusetts, kilimtoa Madeleine Albright mwaka 1959, aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza wizara ya mambo ya nje ya Marekani mwaka 1997, na Hillary Clinton mwaka 1969, aliyeshika wizara hiyo hiyo kuanzia 2009. Kaulimbiu ya chuo hicho, kwa Kilatini, maana yake ni kwamba hawakuja kutumikiwa, wamekuja kutumikia. Sisi tunaosema "utumishi wa umma" kila siku, hadi neno limechakaa, tunaweza kuwasaidia kuitafsiri.

Lakini usilewe majina. Wakati Albright anaingia chuo, Yale na Princeton hazikupokea wasichana shahada ya kwanza. Zilifungua milango 1969. Msichana mwenye akili zake alikuwa na mahali pachache pa kwenda. Kwa hiyo vyuo vya wanawake vilivuna wenye vipaji ambao leo wametawanyika kila chuo, na sehemu ya sifa zile ni ya mbegu, si ya shamba. Na wote wawili hawakuishia pale: Clinton alikwenda kusoma sheria Yale, Albright akachukua shahada ya uzamivu Columbia. Walifundwa, wakatoka.

Njoo nyumbani sasa. Mama Anne Makinda, Spika wa kwanza mwanamke wa Bunge letu, 2010 hadi 2015, na kamisaa wa sensa ya 2022, sekondari alisoma Masasi Girls. Hapo chini tu, mjomba akitaka anaweza kwenda na kurudi siku moja. Akaenda Kilakala, Morogoro, nayo ya wasichana. Halafu Mzumbe, chuo cha wote, akasomea uhasibu. Akaingia bungeni 1975 akiwa na miaka 26. Mama Getrude Mongella, aliyekuwa katibu mkuu wa mkutano wa Beijing wa 1995 na rais wa kwanza wa Bunge la Afrika mwaka 2004, alitoka Ukerewe akasomeshwa na masista wa Maryknoll Morogoro, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Unaona mpangilio unajirudia.

Na mjomba akikuuliza kuhusu Rais Samia, mjibu ukweli: yeye hakupitia chuo cha wanawake. Alianza ukarani wizarani Zanzibar mwaka 1977 baada ya sekondari, na utawala wa umma alisomea Mzumbe. Kwa hiyo njia si moja, na ukienda Mzumbe hutakuwa umeshindwa kitu. Ningekuwa mwongo nikikuambia vinginevyo.

Mimi nasema nenda. Nasema hivyo nikijua minne juu ya sita ni kumi, na mjomba ana haki ya kuhesabu. Lakini chuo cha wanawake cha huko si bweni la geti. Wa Mount Holyoke wanaruhusiwa kuchukua masomo Amherst na Chuo Kikuu cha Massachusetts na kukaa darasa moja na wavulana. Wa Wellesley wanavuka kwenda MIT, chuo cha wote. Barnard, nacho cha wanawake, kimepakana na Columbia, New York. Wellesley hupeleka wanafunzi Washington wakati wa likizo wakafanye kazi kwenye ofisi. Hukutaja chuo chako, na umefanya vizuri. Waandikie kabla ya tarehe 1: naweza kusoma somo la siasa au uchumi kwenye chuo cha jirani? Likizo mnawapeleka wanafunzi ofisi za serikali, na nani analipa nauli na chakula, hata kwa mgeni? Wakikujibu kwa majina ya programu na kiasi cha fedha, hapo pana kutolewa. Wakikujibu kwa maneno matamu tu, fikiri tena.

Kuna shimo moja ambalo chuo hicho hakitaliziba, hata kiwe kizuri vipi. Utajifunza jinsi bunge la Marekani linavyopitisha bajeti. Jinsi bajeti inavyopanda kutoka kitongoji hadi kata, halmashauri na TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na inavyokatwa kila ngazi, hakuna atakayekufundisha. Hilo Mzumbe wanalijua kwa moyo. Kwa hiyo ukipata likizo moja tu ya kurudi, omba mafunzo kwa vitendo halmashauri yoyote ya Mtwara au Lindi, idara ya mipango, ukae hata wiki sita. Na shahada ya pili uifikirie hapa nchini.

Mambo ya karatasi nayapitia haraka, lakini wewe usiyapite haraka. "Sehemu kubwa sana" si kiasi. Tafuta kwenye barua yao kiasi kilichobaki, na kama msaada ni ruzuku au mkopo, na kama unaendelea miaka yote minne. Uliza bima ya afya, tiketi, na utalala wapi mabweni yakifungwa. Kwa viza ya mwanafunzi unaruhusiwa kazi za ndani ya chuo, zisizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo; hizo zitakununulia sabuni na koti, hazitalipa ada. Viza anatoa ubalozi, chuo hakiwezi kukuahidi, hivyo dirisha la hapa likifunguliwa omba Mzumbe kama kawaida mpaka pasipoti yako iwe na muhuri. Na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu ya hapa nchini, ndio watakaotambua shahada yako ukirudi: waulize sasa. Vyuo vile hukuruhusu kuchanganya masomo, leo mashairi kesho takwimu, ni raha, lakini matangazo ya ajira serikalini kwetu hutaja fani kwa jina. Somo lako kuu liwe jina ambalo ofisi ya ajira italisoma bila kukuna kichwa: uchumi, sayansi ya siasa, sosholojia.

Sasa mjomba. Umeandika "hakugeuka" ukanukta. Mimi nimekaa kwenye neno hilo muda mrefu. Mtu ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, mtoto wa dada yake anasimama nyuma yake, watu wanacheka. Akigeuka atakuona uso. Nadhani naye iliuma, na kwamba anaposema "umekaa chini" anazungumzia siku yake mbaya pamoja na yako. Usimwendee na hoja. Mwendee jioni, na mama awepo hata kama hatasema, mpelekee lile daftari. Mwambie: mjomba, haya majina 11 nilitaka kuyapeleka mkutanoni sikujua njia yake. Njia yake ni ipi? Kisha nyamaza. Mwanamume aliyekaa miaka mingi halmashauri anaijua njia hiyo kama anavyoijua njia ya shambani kwake.

Atakuambia, nadhani, uanze kwa mtendaji wa kijiji, uombe jambo liingie kwenye ajenda kwa maandishi, maana mkutano mkuu unatakiwa kukaa kila miezi mitatu na mwingine hauko mbali. Mimi naongeza: tafuta wajumbe wanawake. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inataka halmashauri ya kijiji iwe na wajumbe 15 hadi 25, na wanawake wasipungue robo. Kwa hiyo siku ile kulikuwa na wajumbe wanawake wasiopungua wanne, huenda kwenye mikeka hapo hapo ulipokaa. Uliwapitia na daftari lako kabla? Barua yako haisemi. Wapitie. Pitia na wale wanawake 11 pia, uwaombe wawili waje waseme ya mikorosho yao wenyewe, wewe usome idadi ya miti tu. Na ukisimama usihesabu sehemu za hoja. Anza na jina la mjane ambaye kila mtu pale alimzika mumewe.

Fanya hivyo kabla hujafunga sanduku, hata kama safari ni Agosti. Na umwombe mjomba, siku hiyo, asikae mstari wa mbele.

Kisha niandikie. Sitaki habari ya viza kwanza. Nataka kujua, kati ya wale 11, wangapi wameingia kwenye kitabu.